Haki za Binadamu: Tuanzie Hanang na Mbulu



Kamati ya jarida imetuomba tuandike somo la mwaka huu kuhusu hali ya haki za binadamu na ubaguzi duniani. Bila shaka wengi wenu mnatarajia tuanze na Palestina au na Warohingya, kwani hizo ndizo habari mnazozisikia redioni na ndizo mnazozichangia baada ya swala ya Ijumaa. Warohingya tutawafikia, inshaallah. Lakini tutaanza na daftari letu wenyewe la mahudhurio.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na wanafunzi wawili wenye jina moja, na baba zao pia walikuwa na jina moja. Ili tusiwachanganye, mmoja wao tulimwandikia pembeni ya jina lake neno "Mang'ati". Tukawa tunamwita hivyo wakati wa kuita majina, na wenzake wakamwita hivyo uwanjani. Hatukuona ubaya wowote. Siku moja baada ya swala ya alasiri baba yake akaja. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa kwenye benchi, tukampa chai, akauliza habari za masomo ya mwanawe, kisha akasema:

"Maalim, hilo neno mlilomwandikia mtoto, mnajua maana yake?"

Tukamjibu kwamba tulidhani ndilo kabila lake.

"Sisi ni Wabarbaig, katika Wadatoga. Mang'ati ni neno la Wamasai, nao wana sababu zao, tulipigana nao sana. Maana yake ni adui. Sasa nyinyi kila alasiri mnaita, 'Adui!' na mwanangu anaitika, 'Nipo, maalim.'"

Alilisema kwa kucheka, lakini sisi hatukucheka. Tulikuwa tumekaa Hanang miaka mingi, tunanunua maziwa na ng'ombe kwa watu hawa, na tumewafundisha watoto wenu adabu ya jirani, kumbe hata jina la jirani hatukulijua.

Na si hilo tu. Ndugu zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, katika Kiswahili tumezoea kuwaita Watindiga au Wakindiga, jina ambalo wenyewe hawakujipa. Wairaqw nao tunawaita Wambulu, kana kwamba kila aliyezaliwa Mbulu ni mtu mmoja. Mtu anaweza kusema kuwa haya ni maneno tu. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka tulipoanza kusoma yaliyotokea katika uwanda wa Bassotu. Tumeona kwamba mtu akishaitwa adui, au mtu wa porini, au mzururaji, kuchukuliwa kwa mali yake hakumshtui yeyote.

Uwanda uliodhaniwa mtupu

Wafugaji wa Kibarbaig hawazururi. Hili ni la kwanza kulifahamu. Nchi yao wameigawa kwa aina za malisho, na kila aina ina jina lake, udongo wake, nyasi zake na msimu wake. Malisho bora kuliko yote waliyaita muhajega, nayo yalikuwa katika uwanda wa Bassotu, magharibi ya mlima Hanang. Wakati wa mvua ng'ombe walipelekwa huko wakanenepa, kisha watu wakahama na kuziachia nyasi nafasi ya kuota tena. Ni utaratibu wa kupumzisha ardhi, sawa na mkulima anayeacha shamba lipumzike ili lirudishe rutuba. Walikuwa na wazee wa kuusimamia, na mabaraza ya kumtoza faini aliyeuvunja.

Sasa fikirini mgeni amekuja kiangazi na gari lake. Anatazama uwanda mpana, tambarare, udongo mweusi, hakuna nyumba wala shamba. Anaandika: hapa ni patupu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliamua kulima ngano katika uwanda huo kwa msaada wa serikali ya Kanada. Kazi ilikabidhiwa Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO. Kwa miaka kumi na zaidi yalifunguliwa mashamba saba: Bassotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Jumla yake ni kama ekari 100,000. Kutoka Kanada yalikuja matrekta, kombaini, mbegu na wataalamu. Na lazima tuseme ukweli kwamba nia haikuwa ya uovu. Nchi ilikuwa changa, miji inakua, na katika ukame wa mwaka 1973 na 1974 Tanzania ililazimika kununua nafaka nyingi kutoka nje. Viongozi walitaka taifa lijilishe. Baadhi ya wazazi wenu walikuja Hanang kwa sababu ya mashamba hayo, wengine madereva wa kombaini, wengine mafundi, wengine wenye maduka. Hata uwepo wetu hapa una uhusiano na ngano ile.

Lakini muhajega ilikuwa imekwisha. Ng'ombe waliokuwa wakinenepa huko masika wakabanwa katika malisho mengine, ambayo kwa utaratibu yalitakiwa yapumzike, nayo yakachakaa. Njia za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi zikapita katikati ya mashamba. Aliyepitisha mifugo alikamatwa na kutozwa faini, na wapo waliolalamika kwamba walipigwa. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1993 iliundwa tume ya uchunguzi juu ya uvunjaji wa haki za binadamu katika mashamba ya NAFCO Hanang, chini ya Jaji Robert Kisanga. Likumbukeni jina hilo, litarudi.

Jambo moja lilituuma zaidi ya mengine, nalo ni makaburi. Mzee wa Kibarbaig aliyeheshimika hazikwi siku moja na kwisha. Hujengewa kaburi lenye kichuguu kirefu cha udongo, liitwalo bung'ed, na shughuli zake huchukua miezi. Watu kutoka koo mbalimbali hukusanyika, na kaburi hilo hubaki mahali pa heshima kwa vizazi. Uwanda wa Bassotu ulikuwa na makaburi hayo, na baadhi yake yalilimwa na matrekta. Sisi tunaofundisha watoto kwamba haifai hata kukaa juu ya kaburi, tulipita njia ile mara nyingi tukaona ngano tu.

Mahakamani

Wabarbaig hawakunyamaza, wala hawakushika mikuki. Mwaka 1981 halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walifungua shauri dhidi ya NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha. Walisema shirika limeingia katika ardhi yao bila ya haki. Mahakama Kuu iliwapa ushindi.

NAFCO ikakata rufaa. Katika shauri la rufani namba 3 la mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi ule. Sababu zake mnapaswa kuzisoma polepole. Kwanza, kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile na mamlaka ya wilaya. Kuandikishwa kuwa kijiji hakutoshi. Pili, wale wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria, hivyo hawakuweza kudai kuwa wanamiliki kwa mila.

Tueleze hapa, kwa sababu mwanafunzi mmoja alituuliza, "Maalim, waliambiwa kuwa si Waafrika?" Hapana. Waliambiwa kwamba hawakuleta ushahidi. Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya ardhi ya mwaka 1923, ya wakati wa Mwingereza. Kwa marekebisho ya mwaka 1928 ilimtambua mwenyeji anayetumia ardhi kwa sheria na mila za kwao. Neno "mwenyeji" lilikuwa na tafsiri yake ya kisheria, ya kuwatenga Waafrika na Wazungu na Waasia. Mahakama ilisema anayedai haki ya mwenyeji sharti athibitishe kwanza kuwa ni mwenyeji. Kwa mwanasheria labda hiyo ni kanuni ya kawaida ya ushahidi, na mwenye kudai ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha. Lakini jiulizeni, mfugaji wa Hanang atathibitisha vipi kwamba kwao ni Hanang? Cheti cha kuzaliwa hana. Shahidi wake mkubwa ni kaburi la babu yake, na kaburi lenyewe limeshalimwa.

Katika miaka iliyofuata mambo yakawa magumu zaidi. Mwaka 1987 serikali ilitoa tangazo la kufuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vingi vya mkoa wa Arusha, ambao wakati huo ulijumuisha wilaya zetu hizi. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Kisha Bunge likatunga Sheria namba 22 ya mwaka 1992. Hii ilifuta haki za kimila katika ardhi iliyogawiwa upya wakati wa Operesheni Vijiji, ikakataza fidia, ikazuia mahakama zisisikilize mashauri hayo, na hata yale yaliyokuwa yakiendelea ikayasimamisha.

Baba na mwana wa Kambi ya Simba

Hapo ndipo anapoingia mzee mmoja wa Kiiraqw, Lohay Akonaay, na mwanawe Joseph Lohay. Waliishi kijiji cha Kambi ya Simba, tarafa ya Mbulumbulu, ambako wakati ule kulikuwa wilaya ya Mbulu na leo ni Karatu. Mwezi Januari 1987 walishinda shauri katika Mahakama ya Hakimu Mkazi wakarudishiwa kipande chao cha ardhi walichokuwa wakikimiliki kwa mila. Walioshindwa wakakata rufaa Mahakama Kuu. Rufaa ikiwa bado haijasikilizwa, ndipo ile sheria ya 1992 ikatoka, na kwa kalamu moja ushindi wao ukawa hauna thamani.

Wengi tungesema basi, ni amri ya serikali. Wao walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba sheria yenyewe inavunja Katiba. Wakashinda. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa, na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, ikikaa Arusha chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa hukumu ambayo mpaka leo husomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini. Mmoja wa majaji waliokaa na Nyalali alikuwa Jaji Kisanga, yule yule wa tume ya Hanang.

Mahakama ilisema nini? Ilisema kwamba haki ya kutumia ardhi kwa mila ni mali, na mali inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kwa hiyo haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Ilieleza pia kwamba kama haki ya kimila isingekuwa mali, basi sehemu kubwa ya Watanzania wangekuwa wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Vifungu vya sheria vilivyofuta haki hizo na kuwafungia watu milango ya mahakama vikatamkwa kuwa batili.

Kwa nini Mbulu walishinda na Hanang wakashindwa? Si kwa sababu Wairaqw ni bora kuliko Wabarbaig. Sababu moja ni tarehe. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, lakini raia waliruhusiwa kuzidai mahakamani kuanzia mwaka 1988. Watu wa Mulbadaw walifika mahakamani mlango huo ukiwa haujafunguliwa. Sababu nyingine, kwa maoni yetu, ni jembe. Shamba lililolimwa kila mtu analiona, hata hakimu. Malisho yaliyopumzishwa hayaonekani kwa asiyejua kuyatazama.

Kwenye fiqhi tunasoma nini

Mwanafunzi mmoja wa darasa la juu alibishana nasi juu ya hili. Alisema, "Lakini ardhi ile ilikuwa pori, na anayehuisha ardhi mfu huimiliki." Tulifurahi kwamba amesoma, ila hakumaliza mlango. Rudini kwenye Matn ya Abi Shujaa muutazame tena. Ardhi haiwi mfu kwa kuwa tu haijaguswa na jembe. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamezungumzia harimu ya kijiji, yaani sehemu zinazokizunguka ambazo watu wake hawawezi kuishi bila ya hizo: pa kukutania, pa kulaza ngamia, pa kutupia majivu, na malisho yake ya karibu. Hakuna anayeruhusiwa kuja kuihuisha harimu ya wenzake akasema ameikuta tupu.

Katika kitabu hicho hicho umo mlango wa ghasbu, kuchukua haki ya mtu kwa nguvu. Hukumu yake ni kurudisha kilichochukuliwa, kulipa kilichopungua, na kulipa ujira wa muda wote kilipokuwa mkononi mwa mchukuaji. Mlango huo hauulizi aliyenyang'anywa ni Muislamu au si Muislamu, ana vazi gani, wala anaitwaje na majirani. Hatusemi kwamba mahakama za nchi zilitakiwa zihukumu kwa Abi Shujaa. Tunasema kwamba sisi tuliokisoma kitabu hicho hatuna udhuru wa kusema "lilikuwa pori".

Yaeda

Tuvuke sasa kutoka Hanang twende Mbulu, bonde la Yaeda. Wahadzabe ni watu wachache, wanakadiriwa kuzidi elfu moja kidogo, na lugha yao haina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote duniani. Wanaishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda ya ubuyu. Miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Yaeda walime na wakae nyumba za kudumu. Wengi wao walirudi porini. Kila miaka ilivyopita wakulima na wafugaji waliingia zaidi katika nchi yao, na tuseme wazi kwamba katika wafugaji hao walikuwamo Wadatoga waliokuwa wakitafuta malisho, na katika wakulima walikuwamo Wairaqw waliokosa ardhi nyanda za juu. Aliyesukumwa naye humsukuma mwenziwe, na wa mwisho katika foleni ni yule asiye na ng'ombe wala jembe.

Mwaka 2007 kampuni moja ya uwindaji, yenye mtaji kutoka Falme za Kiarabu, ilipewa ruhusa ya kuwinda katika bonde hilo. Tumelitaja hili makusudi. Mara nyingi tunapozungumzia dhulma humtafuta mkosaji asiye wa dini yetu. Hapa wakubwa waliokuja kuwinda kwa starehe walikuwa ndugu zetu wa imani, na waliokuwa hatarini kufukuzwa katika mawindo yao ya chakula walikuwa Wahadzabe. Wahadzabe walipinga, sauti yao ikasikika mpaka nje ya nchi, na kabla ya mwaka kwisha kampuni ikajitoa.

Habari njema ni kwamba hukumu ya mzee Akonaay haikuishia Kambi ya Simba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati ya serikali, na ikaruhusu kikundi cha watu kumiliki kwa pamoja. Kwa njia hiyo mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, ya zaidi ya hekta 20,000. Mtu asiyelima hata robo ekari anayo karatasi ya serikali inayosema hapa ni kwake, bila ya kulazimishwa kuwa mkulima kwanza. Huo ni muujiza mdogo wa sheria, tena umetokea Mbulu yetu.

Hanang hali ni ya mchanganyiko. NAFCO ilivunjwa miaka ya 2000, baadhi ya mashamba wakapewa wawekezaji na mengine yakagawiwa kwa wananchi. Muhajega kama ilivyokuwa haikurudi.

Na duniani

Sasa tunaweza kuitazama dunia. Azimio la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitishwa tarehe 10 Desemba 1948, na maneno yake ya usawa mnayajua, yamo hata katika ibara ya 13 ya Katiba yetu inayokataza ubaguzi. Lakini ukichunguza mateso mengi makubwa ya zama zetu utakuta yameanza na swali lile lile waliloulizwa watu wa Mulbadaw: una ushahidi gani kwamba wewe ni mwenyeji?

Warohingya wa Myanmar, ambao ni Waislamu, waliulizwa hivyo. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliorodhesha jamii zinazotambulika kuwa za nchi ile, nao hawakuwamo. Waliitwa wahamiaji kutoka Bengali hata kama babu wa babu alizaliwa Arakan. Mwaka 2017 jeshi lilipochoma vijiji vyao, zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Moto ulikuja miaka 35 baada ya orodha.

Karibu na kwetu wapo Wanubi wa Kenya, Waislamu ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza na wakakaa Kibera zaidi ya miaka mia. Kijana wa Kinubi akifika umri wa kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kumchunguza, akaulizwa nyaraka za babu, wakati jirani yake wa kabila jingine alipewa chake bila maswali. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kwamba watoto wa Kinubi walibaguliwa. Mwaka 2017 jamii hiyo ikapewa hati ya ardhi ya sehemu ya Kibera, na mwaka 2025 rais wa Kenya akasaini tamko la kukomesha uchunguzi wa namna hiyo. Katika mwaka huo huo wa 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, saa chache tu kwa basi kutoka kwetu, iliamua kwamba Kenya imevunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau kwa kuwafukuza humo. Waogiek nao ni wawindaji na warina asali, kama Wahadzabe.

Na Kanada, iliyotuletea kombaini? Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipiga kura juu ya Azimio la Haki za Watu wa Asili. Nchi 144 ziliunga mkono, Tanzania ikiwamo. Nne zilipinga: Marekani, Australia, New Zealand na Kanada. Baadaye zote nne zilibadili msimamo, na Kanada yenyewe ililiunga mkono mwaka 2010. Hatuitaji ili kuisema vibaya. Nayo ilikuwa na wenyeji wake walionyang'anywa ardhi kwa hoja ile ile, kwamba nchi ilikuwa tupu. Labda ndiyo maana wataalamu wake walipofika Bassotu hawakushtuka, walikuwa wamezoea kuona nyanda tupu.

Tunapomchangia Mrohingya tunafanya vema, na tuendelee. Ila Mrohingya yuko mbali, hatupiganii naye kisima. Mtihani wetu uko kwenye mnada wa Katesh, pale mama wa Kidatoga anapopita na sketi yake ya ngozi na bangili za shaba, na watoto wetu wakaziba pua. Uko kwenye kikao cha kijiji kinachogawa ardhi wakati wafugaji wamehama na ng'ombe, kisha kinaandika kwamba hawakuhudhuria. Wazazi wetu wengine ni wajumbe wa vikao hivyo. Uko pia dukani, kwenye mizani, anapokuja Mhadzabe na asali yake naye hajui kusoma namba.

Kuhusu lile daftari, hatukulichana. Tulimwomba radhi yule baba mbele ya darasa, na neno lile tukalipiga mstari. Badala yake tumeandika jina la babu yake mwanafunzi, na yule mwingine mwenye jina kama lake naye tumemwandikia la babu yake. Baba alitwambia jina hilo polepole mara tatu, kwa sababu sisi tulishindwa kulitamka.

Zoezi la likizo ni hili. Kila mwanafunzi akamuulize mzee mmoja asiye wa kabila lake jinsi mahali anapoishi palivyokuwa pakiitwa kabla ya jina la sasa, na nani alipatumia, na kwa kazi gani. Aandike kwa daftari, jina la mzee aliache kama mwenyewe hataki litajwe. Wanaokaa Bassotu na Mulbadaw waanze na visima na miti mikubwa. Wanaokaa Mbulu wenye ndugu Yaeda au Dongobesh waulize majina ya mabonde. Maandishi yaletwe kwa mwalimu wa zamu wiki ya kwanza ya kufungua.